Pengo hilo ni la nanotyubu, au la njia nzima ya mkondo?

"Asalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Wete, nasoma shahada ya pili ya fizikia. Nimerudi Unguja kuandika tasnifu baada ya kupima nanotyubu za kaboni kwa hadubini ya STM katika maabara moja nje ya nchi. Nanotyubu zilichanganywa kwenye maji yenye sabuni ya SDS, zikadondoshewa juu ya dhahabu iliyotandazwa kwenye ulanga, zikapimwa kwa kelvini 77. Chupa iliandikwa kipenyo nanomita 0.8 hadi 1.3. Nina nanotyubu kumi na moja. Nyingi zina pengo la karibu eV 0.6, lakini moja ina 0.95, moja 1.15 na moja 1.8. Hii ya 1.8, kwa picha ya atomu, nimeihesabu kuwa (13,6), yaani nusu-kipitishi, na fomula inasema pengo lake lisifike hata 0.6. Msimamizi ananambia nibakishe zinazokubaliana na nadharia. Je, nizitupe hizo tatu? Na je, naweza kujenga STM hapa Unguja nikarudia vipimo?"

Waalaykumu salaam. Usiitupe hata moja. Hizo tatu hazina ugonjwa mmoja. Ya 1.8, inayokutisha zaidi, yaelekea ni nzima kabisa ila umeipa jina la jirani yake. Ya 0.95 huenda ni ya kweli. Ya 1.15 ndiyo ninayoitilia shaka, na shaka yenyewe inaanzia kwenye ile sabuni.

Kwanza tukubaliane kilichopimwa. Nanotyubu ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja iliyoviringishwa kuwa mrija, na pengo ni upana wa nishati, kwa eV (elektronivolti), ambamo elektroni haina hali ya kukaa. Katika STM, chombo ambacho Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walikiunda Zurich mwaka 1981 wakapata Nobel mwaka 1986, ncha ya waya husogezwa mpaka chini ya nanomita moja kutoka kwenye sampuli, elektroni zikapenya ombwe lililo katikati. Mkondo huo hupungua kama mara kumi kila ncha inapopanda nanomita 0.1. Ukisimamisha mrejesho, yaani saketi inayorekebisha kimo cha ncha, ili ncha isipande wala isishuke, kisha ukapitisha volteji kutoka upande hasi hadi chanya, mteremko wa mkondo kwa volteji, yaani dI/dV, hukaribiana na msongamano wa hali za elektroni za sampuli. Neno "hukaribiana" lisikupite. Elektroni imetoka kwenye ncha, imevuka ombwe, imeingia kwenye nanotyubu, imepita kitu chochote kilicholala chini yake, ndipo ikafika kwenye dhahabu. Grafu yako ni ya njia yote hiyo, na kazi yako ni kuonyesha kwamba vituo vingine havikuchangia chochote cha maana.

Nadharia unayoisema ni nzuri ila inasomwa nusu. Namba mbili (n,m), kama hiyo (13,6), husema karatasi ya kaboni imeviringishwaje. Ukiigawa tofauti ya n na m kwa tatu bila baki, nanotyubu ni metali. Ikibaki kitu, ni nusu-kipitishi. Pengo la nusu-kipitishi ni takriban 0.77 kugawa kwa kipenyo cha nanomita, jibu likiwa katika eV, endapo utachukua nishati ya elektroni kuruka kati ya atomu jirani kuwa eV 2.7. Wengine hutumia 2.5, wengine 2.9, kwa hiyo tofauti ya asilimia kumi na fomula si kosa lako. Nusu ya pili wanayoisahau wengi ni kwamba metali nayo ina vilele vya van Hove, yaani nishati ambapo hali za elektroni hurundikana, ila vimekaa mbali zaidi: umbali kati ya kilele cha kwanza cha upande hasi na cha upande chanya ni mara tatu ya pengo la nusu-kipitishi chenye kipenyo hicho hicho, yaani takriban 2.3 kugawa kwa kipenyo. Ndivyo ilivyoonekana mwaka 1998, pale kundi la Cees Dekker kule Delft na la Charles Lieber kule Harvard yalipochapisha vipimo vyao: nanotyubu za karibu eV 0.6 upande mmoja, za karibu eV 1.8 upande wa pili.

Sasa irudie ile yako ya 1.8. Gawa 2.3 kwa 1.8, utapata kipenyo cha nanomita 1.28, ndani kabisa ya kilichoandikwa kwenye chupa. Ingekuwa nusu-kipitishi chenye pengo la 1.8, kipenyo kingekuwa nanomita 0.43, na kitu hicho hakimo humo. Fungua data ghafi utazame dI/dV karibu na volti sifuri. Je, ni sifuri kweli, au ni sakafu iliyolala tambarare juu kidogo ya sifuri? Kwenye mizani ya kawaida vilele huwa virefu kiasi kwamba sakafu ya metali huonekana kama hakuna kitu. Chora upya kwa mizani ya logi, na ulinganishe na kiwango cha kelele ulichopata ncha ikiwa imeondolewa kwenye sampuli. Sakafu ikiwa juu ya kelele, unayo metali.

Lakini picha ya atomu ilisema (13,6)? Hapo ndipo penye mtego. (13,6) ina pembe ya kuviringishwa ya nyuzi 18.0 na kipenyo cha nanomita 1.32. Jirani yake (12,6) ina nyuzi 19.1 na nanomita 1.24, na ni metali kwa sababu 12 kutoa 6 hugawanyika kwa tatu. Kinachozitenganisha ni nyuzi moja na unyoya, na vilele vya (12,6) vinatarajiwa kuachana kwa takriban eV 1.85. Picha ya STM ya kitu cha mviringo haina uaminifu wa nyuzi moja usipoirekebisha. Ncha ikiwa pembeni mwa nanotyubu, mkondo hautoki chini yake wima bali kwenye ubavu ulio karibu, hivyo mpangilio wa atomu unavutwa kwa upana, kukingama na mhimili wa nanotyubu, kwa makumi ya asilimia. Mvuto huo unakuza pembe. Juu yake ongeza kuhama kwa joto: sampuli ikisogea wakati picha inachorwa mstari kwa mstari, heksagoni zote zinalala upande.

Pembe isomwe kwenye utepe mwembamba wa katikati, juu ya mgongo wa nanotyubu, katika picha mbili, moja iliyochorwa kwenda juu na nyingine kurudi chini, kisha utumie wastani wake. Vipimo vya urefu virekebishwe kwa dhahabu iliyo kwenye picha hiyo hiyo au kwa grafaiti, ambayo vitone vyake vimeachana nanomita 0.246. Kipenyo usikitoe kwenye upana wa picha, kwani upana huo umechanganyika na unene wa ncha. Kimo nacho hakifai peke yake, kwa sababu ncha haikai kwa umbali ule ule juu ya dhahabu na juu ya kaboni. Andika orodha ya (n,m) zote zinazoingia ndani ya kosa lako la pembe na kipenyo, halafu vilele viamue. Sioni aibu yoyote kuandika kwenye tasnifu "(12,6) au jirani yake".

Ya 0.95 haina mengi. 0.77 kugawa kwa 0.95 ni nanomita 0.81, mpakani mwa chupa yako. Kama kimo chake pichani ni kidogo kuliko cha zile za 0.6 zilizopimwa kwa ncha hiyo hiyo na volteji hiyo hiyo, ikubali.

Ya 1.15 ingehitaji kipenyo cha nanomita 0.67, nje ya chupa. Maelezo ninayoyaona karibu zaidi ni kizuizi cha pili. SDS ikikauka huacha utando kati ya nanotyubu na dhahabu, na elektroni sasa zina vizuizi viwili vya kupenya, ombwe juu na sabuni chini. Ni kama mpira wa kumwagilia uliobanwa mahali pawili: shinikizo la bomba haliishii kwenye kibano cha kwanza, hugawanyika. Volti uliyoiweka hugawanyika vivyo hivyo, na ni sehemu yake tu inayoangukia kati ya ncha na nanotyubu. Ili nishati ifike ukingo wa pengo halisi inabidi uweke volteji kubwa zaidi, na grafu inachorwa pana. Nanotyubu ikiwa fupi, na imejitenga vizuri na dhahabu, gharama ya kuiongezea elektroni moja nayo hujumlishwa kwenye pengo, na nje ya pengo utaona vilele vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa. Vilele vya van Hove havipangani hivyo: kwa nusu-kipitishi, kutoka katikati ya pengo, vinakaa kwa uwiano wa moja, mbili, nne. Hata hivyo uwiano wa mbili peke yake usikutulize, kwani mgawanyo wa volteji huzidisha vyote kwa namba moja na uwiano ukabaki.

Kipimo kinachotenganisha ni cha umbali. Juu ya nanotyubu ile ile, chukua grafu ukianzia volti 1 na pikoampia 50, kisha pikoampia 500, ikiwezekana na nanoampia 2. Pengo la kweli litabaki pale pale. Pengo lililovimbishwa na kizuizi cha pili litapanuka kila ncha inapokaribia, maana kizuizi cha juu kinakuwa chembamba na sehemu yake ya volteji inapungua. Kama faili zako zina mikondo miwili tofauti ya kuanzia, jibu tayari unalo nyumbani. Kama hazina, iandike nanotyubu hiyo kwenye jedwali pamoja na sababu ya shaka.

Kuna mambo ya kukagua kwenye zote kumi na moja, na la kwanza ni ncha. Kila nanotyubu iwe na grafu ya dhahabu tupu iliyochukuliwa kabla na nyingine baada, bila kubadili ncha. Dhahabu safi ya uso wa (111), yaani mkato mmoja wa fuwele yake, ina ngazi za kimo cha nanomita 0.235, mistari ya uti wa samaki inayojirudia kila nanomita 6.3, na kwenye dI/dV ina kidato kinachoanzia karibu na volti 0.5 upande hasi. Ukikiona kidato hicho, ncha ni nzima. Ukiona pengo juu ya dhahabu, ncha imeshika uchafu, imeota kutu, au imenyakua nanotyubu, jambo la kawaida sana kwenye sampuli zilizosongamana. Waya wa tangsteni huota oksidi ukikaa hewani; platini-iridi hustahimili zaidi. Tiba ni kuipeleka ncha mbali na nanotyubu, kuipa mpigo wa volti 3 hadi 5 kwa milisekunde chache, au kuichovya kidogo, nanomita moja hivi, ndani ya dhahabu, kisha kupima tena mpaka kidato kirudi.

Kidato hicho pia hukuonyesha alama ya volteji. Mashine nyingine huweka volteji kwenye sampuli, nyingine kwenye ncha, na faili haisemi. Kidato kikitokea upande chanya, grafu zako zote zimegeuka kushoto kulia. Hilo lina maana kwako, kwa sababu dhahabu huvuta elektroni kutoka kwenye nanotyubu, na katikati ya pengo huhama kwa eV 0.2 hadi 0.3 kuelekea volteji chanya ya sampuli. Pengo hupimwa ukingo kwa ukingo. Nimeona watu wakisoma kutoka sifuri hadi ukingo wa kulia, kisha wakazidisha kwa mbili; kwenye dhahabu hesabu hiyo humpa mtu pengo la eV 1.1 kutoka kwenye nanotyubu ya 0.6. Iangalie ile ya 1.15 kwa jicho hilo kabla ya kuisingizia sabuni.

Ukungu wa joto nao uuhesabu. Kwa kelvini 77 kila kilele kinatanuka karibu milivolti 23, na kwa joto la chumba karibu 90. Mawimbi madogo ya amplifaya ya lokini, chombo kinachotikisa volteji kidogo ili kusoma dI/dV, hutanua kwa karibu mara mbili na nusu ya ukubwa wake: milivolti 10 zinakubalika, 50 zinafuta nusu ya unachokitafuta. Masafa yake yasiwe mafungu ya hezi 50, maana humo umo mngurumo wa umeme wenyewe. Grafu ya kwenda na ya kurudi zilaliane. Zisipolaliana, ncha ilikuwa inahama na mkondo uliousoma ni wa kimo tofauti.

Usishangae ukikuta kijipengo cha milivolti makumi kwenye nanotyubu ya metali. Mpindo wenyewe wa karatasi ya kaboni hukizalisha kwa zile ambazo n na m hazilingani. Kundi la Lieber lilipima karibu milivolti 80 kwa (9,0), 42 kwa (12,0) na 29 kwa (15,0). Zikiwa kwenye kifurushi, hata zile zenye n sawa na m huonyesha bonde la karibu eV 0.1, ndiyo maana ni vyema kuandika kama nanotyubu ilikuwa peke yake. Na mtu akikuuliza mbona mwanga unatoa namba tofauti na zako, mwambie kwamba mwanga hupima elektroni na tundu lililoachwa vikiwa vimeshikamana, na dhahabu nayo hupunguza misukumano ya elektroni ndani ya nanotyubu. Ni vipimo viwili tofauti, visilazimishwe kulingana.

Kuhusu msimamizi wako, simjui na sitaki kumhukumu kwa sentensi moja. Huenda alimaanisha uondoe grafu zenye ncha mbovu, na hapo yuko sahihi. Kinachokatazwa ni kuondoa kwa sababu ya namba iliyotoka. Andika vigezo kwanza: dhahabu kabla na baada ni sawa, kwenda na kurudi vinalaliana, pengo halibadiliki kwa mkondo. Vipitishe kwenye kumi na moja zote, pamoja na zile zinazopendeza. Ukienda kwake na jedwali hilo na faili ghafi mkononi mtazungumza lugha moja. Mwombe pia fundi wa ile maabara daftari la mashine la siku zile, maana mambo kama volteji imewekwa wapi hayakisiwi kutoka mbali, na mimi siwezi kuyaamua bila kuona faili. Uchambuzi wenyewe unaweza kuufanyia nyumbani kwa Gwyddion, programu ya bure inayosoma mafaili ya STM nyingi.

Ukipata nafasi ya kurudia, achana na SDS. Kuipasha sampuli ndani ya ombwe huunguza mkia wa sabuni, lakini chumvi ya sodiamu hubaki. Wengi hutumia dikloroethani: chembe kidogo ya nanotyubu, nusu saa kwenye beseni la mawimbi ya sauti, tone moja juu ya dhahabu, kisha kupasha kwa saa kadhaa. Kimiminika hicho ni sumu na kinashukiwa kusababisha saratani. Kazi hiyo ifanyiwe ndani ya kabati la kufyonza hewa, chini ya mtu aliyefundishwa. Unga mkavu wa nanotyubu usiuvute puani.

Sasa swali la Unguja. STM ya hewani inajengeka, na gharama yake si ya kutisha: piezo (kipande kinachojinyoosha kidogo sana kwa volteji na kuisogeza ncha), amplifaya ya mkondo mdogo, waya wa platini-iridi wa milimita 0.25 uliokatwa kwa mkasi huku ukivutwa. Mtetemo hupunguzwa kwa kuining'iniza kwenye mipira ya ndani ya baiskeli. Mipira ikivutika sentimita 25 kwa uzito huo, mbembeo unakuwa karibu hezi moja, na hapo hata lori likipita barabarani Tunguu halikusumbui sana. Utaona atomu za grafaiti, na wanafunzi wa skuli watakushukuru. Lakini pengo la nanotyubu hutalipima humo kwa kiwango cha tasnifu. Unyevu wetu huweka utando wa maji juu ya kila kitu, ukungu wa joto ni wa milivolti 90, na ncha inahama.

Ya ombwe na baridi ni habari nyingine. Inataka umeme usiokatika na naitrojeni ya maji kila siku, na tunaoikumbuka miezi mitatu ya kiza tangu Disemba 2009 tunajua waya wa chini ya bahari ukifa nini hufuata. UPS hukuvusha dakika, jenereta masaa. Pampu ikizima muda mrefu, ombwe linaharibika na unarudi kuipasha chemba upya kwa siku. Pampu za ayoni zina volteji ya maelfu, asizifungue mtu kwa kubahatisha.

Kwa pesa hizo ningetafuta kwanza muda kwenye spektromita ya Raman, inayosoma mitetemo ya atomu kwa mwanga wa leza, hata kama ni kwa kuvuka bara. Hailazimishi ombwe wala baridi. Mtetemo wa kupanuka na kusinyaa kwa nanotyubu huonekana karibu na 248 kugawa kwa kipenyo, kwa sentimita hasi moja. Chupa yako itoe vilele kati ya 190 na 310 hivi. Leza moja huamsha zile tu zinazolingana na rangi yake, hivyo omba mbili. Ukikuta kilele karibu na 370, nanotyubu za nanomita 0.67 zimo kwenye chupa licha ya kilichoandikwa, na ile ya 1.15 itabidi uifikirie upya.